Kitenge cha Ukweni

Jumamosi hiyo Angèle aliamka akiwa mke wa mtu. Pete hakuwa nayo, wala padri hakuwa na habari naye, lakini moyo ukishaamua hausubiri padri. Alioga, akajipaka mafuta, akavaa gauni jipya la kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano, akajitazama kiooni mbele na nyuma, kisha akacheka peke yake kama mtu aliyenong'onezwa siri tamu na nafsi yake mwenyewe.

Kitenge hicho alipewa na Clovis, mwana wa Mama Mbambu, yule tajiri wa Butembo ambaye vitambaa vyake vinavaliwa kuanzia katikati ya Kisangani hadi Bengamisa na Opala. Alimpa mchana mmoja dukani, nyuma ya marobota, mama mtu akiwa amekwenda misani. Angèle alipouliza ni cha nini, Clovis alimkunja vidole juu ya kitambaa kile na kumwambia kwa sauti ya chini.

"Shonesha tu. Hii iko ya famille. Siku batakutana bote, na weye utaivaa."

Katika mji huu maneno hayo hayahitaji tafsiri. Ukoo ukiwa na jambo, wanawake wake huchagua kitenge kimoja, kila mmoja akashona mtindo wake, na siku ya siku ukimwona mtu amekivaa, basi huyo ni wa kwao. Humuulizi ametoka wapi. Angèle alikwenda kwa fundi jioni ile ile.

Miaka miwili walikuwa wamependana kwa kujificha. Mama Mbambu alikuwa amekwisha kutamka kwamba mkwe wake atatoka milimani kwao Butembo, katika watu wanaojua kuweka akiba na kuamkia kazi, si kwa hawa watu wa mtoni ambao, kwa maneno yake, hula leo wakamwachia samaki wa kesho ajivue mwenyewe. Clovis aliapa kwamba atamlainisha mama yake. Wiki za karibuni alikuwa amepungua kwenye simu, na alipopiga alikuwa na haraka. Angèle alijiambia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo alioungojea yeye ulikuwa wa vigelegele.

Ishara alizipata, masikini, ila alizisoma kichwa chini miguu juu. Alikuwa mwongozaji wa wageni katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, lile lililofunguliwa ndani ya ghala kuukuu la pamba kando ya mto. Kila Jumamosi jumba hufanya ziara ya mambo mawili kwa pamoja: kwanza wageni hutembezwa kwenye sanaa, halafu huteremshwa ufukweni na kuuzungukia mji kwa boti. Wiki hiyo mkurugenzi alitangaza kwamba familia ya Mama Mbambu inakuja, na kwamba kijana mmoja wa familia hiyo amepiga simu kuomba waongozwe na Sandrine, mwongozaji mwingine. Angèle aliguswa mpaka machozi yakamlengalenga. Clovis hakutaka afanye kazi siku ya heshima yake. Alimbembeleza Sandrine ampishe zamu, kwani alitaka kuwapokea wakwe zake kwa mikono yake mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye kupenda hata akiambiwa hatazami.

Magari mawili yalisimama mbele ya jumba. Wakashuka shangazi na mama wadogo, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeshuka alikuwa amevaa bluu yenye ndege wa manjano. Angèle aliyekuwa mlangoni alijinyoosha gauni. Mama mmoja alimtazama gauni, akamtabasamia kama ndugu, na Angèle akamrudishia tabasamu lile lile.

Kisha mlango wa gari la pili ukafunguliwa na Clovis akashuka. Hakutazama jumba. Aligeuka, akatoa mkono, na mkono ule ukapokelewa na msichana mwembamba, mrefu, mwenye macho ya upole. Naye alivaa bluu yenye ndege wa manjano, ila yake ilitariziwa uzi wa dhahabu shingoni na mikononi. Hakuna anayetarizi dhahabu isipokuwa mwenye siku yake.

Clovis aliinua kichwa, akamwona Angèle. Macho yao yalikutana kama yalivyozoea kukutana, na kwa kitambo kidogo uso wake ukalainika kwa mazoea. Halafu akaona gauni. Rangi ikamtoka usoni, akatazama chini, akaanza kupangusa kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.

"Bon, ni weye utatutembeza?" Mama Mbambu aliuliza. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wachukuzi. "Donc tembeza muzuri. Huyu ni Prudence, bibi ya mutoto wangu. Batu ya kwabo balifika jana toka Butembo. Tunataka aone mji yake."

Angèle alisema karibuni. Alisema karibuni mara mbili, maana ya kwanza haikutoka.

Akajikaza kisabuni, akawatangulia ndani. Ulimi wake ulijua kazi, nao ulifanya kazi bila yeye. Katikati ya ukumbi wa kwanza mchongaji mmoja alikuwa ameninginiza mtumbwi mzima uliopasuliwa kwa msumeno kutoka pua hadi mkia, nusu huku na nusu kule, na wageni hupita katikati. Angèle alieleza kwamba mtumbwi ule ulifanya kazi miaka mingi kabla ya kukatwa, na kwamba fundi hakupaka rangi sehemu ya ndani ili mti uonekane ulivyo. Prudence alipita katikati akigusa mbao kwa ncha za vidole, akauliza kwa adabu kama mtumbwi uliokatwa hivyo waweza kuunganishwa tena. Angèle alijibu kwamba hapana, dada, huo haushiki maji tena. Nyuma yao Clovis alikohoa.

Ukumbi wa pili ulikuwa na pazia kubwa lililoshonwa kwa vipande vya vitenge vilivyochakaa, kutoka dari hadi sakafu. Kila kipande kilitolewa na mwanamke wa mji huu, kitambaa cha siku asiyotaka kuisahau. Shangazi wote walisogea kutafuta wanachokijua. Mama Mbambu alishika pindo kwa vidole viwili kama ashikavyo mali dukani, akatambua kitambaa chake cha zamani, akafurahi. Alipogeuka kumwonyesha mwanawe, jicho lake likatua kwenye gauni la Angèle, na furaha ile ikakatika.

"Weye. Iyi kikwembe, ulipata wapi?"

Shangazi wakageuka kukitazama kitenge chake. Angèle alimtazama Clovis, na kutazama kule kulikuwa kumwachia mlango wazi: pita, sema, huu ndio wakati. Hakuna mwanamke aliyewahi kumtazama mwanamume kwa subira kama ile.

"Niliagizia ile robota kwa famille tu," Mama Mbambu aliendelea. "Haiuzishwe kwa soko. Clovis, iko namna gani?"

"Labda ni mabaki, Mama," Clovis alisema akilitazama pazia. "Kulibakia vipande kwa dépôt. Niligawia batu ya kazi."

Ndivyo alivyosema. Miaka miwili, viapo nyuma ya marobota, na jina alilokuwa akimwita masikioni, vyote vilifupishwa vikawa mabaki ya watu wa kazi. Mama Mbambu aliguna, akasema basi siku nyingine wawagawie kitambaa kingine, na kwamba binti huyu avae kitu juu, maana kwenye picha watu watachanganya.

"Mu boti kuko gilet, Mama," Angèle alisema, maana kila abiria huvaa jaketi la kuokolea. "Nitavaa gilet."

Prudence, ambaye hakuwa na hatia yoyote na ndiyo maana alichoma zaidi, alimwendea na kumpa simu yake. Aliomba awapige picha mbele ya pazia, yeye na mchumba wake. Angèle aliishika simu ile. Aliwaambia wasogee kidogo kushoto. Alimwambia bwana aweke mkono kiunoni mwa bibi, kama inavyofaa. Bwana akaweka. Angèle akapiga, akatazama kama imetoka vizuri, akapiga nyingine.

Shangazi walipotawanyika kutazama michoro, Clovis alirudi ukumbi wa kwanza, akasimama nyuma ya nusu moja ya mtumbwi, akamwita Angèle kwa kichwa. Angèle alikwenda. Hata mbwa aliyepigwa huenda akiitwa na sauti anayoijua.

"Nilisema Sandrine," alinong'ona. "Juu ya nini uko hapa?"

"Ndiyo, nilisikia. Nikawaza unanionea huruma nisitumike siku yangu."

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Siku gani, Clovis? Nyuma ya mutoto wa kwanza?"

Akaanza kueleza, na alieleza vizuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema mama yake ana tension, yaani presha, na daktari amekataza asiudhiwe. Alisema familia ya Prudence na yao wanasali parokia moja tangu enzi za babu. Alisema yeye si mtu mbaya, na Angèle alijua si mtu mbaya, alikuwa kitu dhaifu zaidi ya hicho.

"Na kikwembe?" aliuliza.

"Siku ile nilikuwa nawaza kweli, naapa. Kisha Mama akakataa. Nikasema, bon, hata hivi utakuja ku ndoa. Kama rafiki. Usibakie inje."

Alimtazama. Macho ya Clovis yalikuwa na machozi ya kweli. Alikuwa ameamini kwa moyo wake wote kwamba kumpa mwanamke kitenge cha kwenda kumsindikiza akioa mwingine ni wema, na hilo lilimuumiza Angèle kuliko matusi. Akakumbuka kifua hicho na harufu ya nguo mpya iliyokuwa ikikaa shingoni mwake, akamtamani papo hapo, akajichukia kwa kumtamani.

"Sikuombi unioe," alisema. "Ile imepita. Naomba kitu moja. Mbele ya mama yako, sema unanijua. Hapana kama unanipenda. Kama unanijua tu, kama ulikula kwetu, kama mi iko mutu. Halafu enda na bibi yako."

Clovis alifuta uso kwa kiganja. Alitazama walipo shangazi, akatazama mlango.

"Nipe mpaka boti irudi," alisema. "Kabla irudi, nitasema. Kwa mama yangu, nitasema."

Akamgusa begani, na vidole vyake vikapiga pale begani mdundo mfupi waliouzoea wao wawili. Angèle alifumba macho. Alijua ni upumbavu, lakini tumaini halina aibu.

Mdundo ule ulitoka kwa Tonton Désiré, kaka yake mama Angèle, mwenye boti. Alikuwa mtu wa Yanonge, aliyezeeka juu ya maji, na penye pua ya baleinière yake, boti ndefu ya mbao, ilikaa lokole, gogo kubwa lililotobolewa mdomo mrefu, upande mmoja sauti ya kiume na mwingine ya kike. Lokole haichezeshi watu. Inasema. Kwa wageni ilikuwa burudani ya ziara, lakini Tonton hakuwahi kupiga upuuzi. Alitangaza nani yumo botini na anakwenda wapi, na ng'ambo, huko Lubunga, wanawake wa soko la samaki, na miongoni mwao Mama Josée, mama yake Angèle, walimsikia na kumwelewa. Kila mtu ana jina lake kwenye lokole, si jina la ubatizo, bali sentensi nzima. Angèle alikuwa Binti wa maji yasiyorudi nyuma. Na Clovis, zile Jumapili alizokuwa akivuka kwenda kula liboke, samaki wa kupikwa ndani ya majani, kwa Mama Josée, Tonton alimpenda akampa jina: Mwana wa milimani aliyekunywa mto akasahau njia ya kwao. Clovis alilijifunza. Alilipiga kwa vidole mezani, kwenye magogo, kwenye mabega ya mpenzi wake.

Sasa mzee huyo alisimama ufukweni akiwangojea wageni, akawaona wakiteremka. Aliwaona wanawake wa Butembo na ndege wao wa manjano, na katikati yao mtoto wa dada yake, amevaa ndege wale wale. Akamwona Clovis pia. Macho ya mzee yalijaa maji. Alivua kofia.

Angèle aliona, akaharakisha kumfikia, lakini Mama Mbambu alimwita amshike mkono kwenye ubao wa kupandia, kisha shangazi mmoja akataka gilet yake ibadilishwe, kisha mwingine akaogopa maji. Alipomaliza kuwafunga wote, na yeye mwenyewe kuivaa gilet ya rangi ya chungwa juu ya gauni lake, injini ilikwisha kunguruma na mji ulikwisha kuanza kurudi nyuma.

Tonton alimwachia msaidizi usukani, akaenda mbele, akachukua fimbo zake mbili.

Angèle alisikia jina lake. Halafu la Clovis. Halafu ukaja mdundo ambao hakuwahi kuusikia ukipigwa kwa ajili yake, ingawa aliujua tangu utotoni, ule wa mwanamke anayechukuliwa kwa heshima, na wakwe zake wako majini, wanakuja, tandikeni.

"Tonton, acha," alisema akipenya katikati ya viti.

"Wacha nimalize, mwana. Mama yako anasikia."

"Tonton, apana mimi. Sio mimi anaoa."

Fimbo zilisimama hewani. Mzee aligeuka, akawatazama wanawake wale, akamtazama Prudence na dhahabu yake, akatazama mkono uliokuwa umeshikwa. Alielewa polepole. Lakini kutoka ng'ambo, juu ya maji, vilikwisha kuanza kufika vigelegele. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno la lokole ndiyo maji yenyewe.

"Nimefanya nini," mzee alisema.

Alitaka kugeuza boti. Mama Mbambu alikataa katakata. Lubunga imo kwenye ziara, walikuwa wameahidiwa, na tena wale kina mama walioko kule wanaonekana kuchangamka. Aliinua simu aanze kurekodi. Muda wote wa kuvuka Angèle alimtazama Clovis tu, kwa kuwa boti ilikuwa haijarudi, na mwanamume huyo alikuwa bado na ahadi mdomoni. Clovis alikuwa amesikia jina lake kwenye lokole. Alikuwa amekaa wima, mikono katikati ya magoti, shingo ikitoka jasho.

Ufukwe wa Lubunga ulijaa. Wanawake walikuwa wameacha mabeseni ya samaki, wamevua vitenge vyao vya juu na kuvitandika chini kutoka majini hadi kwenye mchanga mkavu, kama atandikiwavyo bibi harusi asikanyage udongo. Mama Josée aliingia majini mpaka magotini. Kitenge chake kilikuwa cha kwanza, na kilikuwa kile kizuri cha Pasaka, ambacho mtu alikuwa ametumwa mbio kukichukua nyumbani.

"Wamejuaje?" Prudence aliuliza, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha ya kitoto. "Clovis, ni weye ulibaambia?"

Mama Mbambu akasema ziara hii iko na kichwa kweli, imepangwa. Akamwambia Prudence ashuke, watu wasingoje. Prudence alivua viatu kwa heshima, akavishika mkononi. Ubao uliwekwa, na kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mwongozaji, Angèle alimpa mkono akamshusha.

Msichana akakanyaga kitenge cha Pasaka. Clovis alishuka nyuma yake, na hapo, kwa mazoea au kwa woga, akamshika mkono.

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Mama Josée alimwona Clovis, akaanza kutabasamu, mikono imenyooshwa. Kisha akaona mkono, akaona dhahabu, akapandisha macho hadi botini, alikokuwa amesimama mtoto wake ndani ya gilet ya chungwa. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Papa Clovis. Huyu ni nani?"

Mama Mbambu aliteremsha simu. Alimtazama mwanamke huyu aliyelowa, anayenuka samaki, anayelijua jina la mwanawe.

"Anakujua?" alimuuliza Clovis.

Basi ndio huo wakati. Hakuhitaji kuutafuta, ulimfuata mpaka miguuni. Neno moja la ndiyo lingetosha. Alikuwa amekula mikononi mwa mama huyu, alikuwa ameugua malaria kwenye kitanda chake akanyweshwa uji kwa kijiko. Angèle juu ya boti alishika ukingo kwa mikono miwili.

"Apana, Mama," Clovis alisema. "Batu ya huku banasikiaka majina tu. Banataka kitu kidogo."

Akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akaiweka kwenye kiganja cha Mama Josée kilichokuwa bado wazi.

Mama Josée aliitazama noti. Angeweza kuvuta kitenge chake kutoka chini ya miguu ya yule msichana, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakukivuta. Aliinama kidogo, kama wainamavyo wauza samaki kwa mnunuzi wasiyemfahamu.

"Aksanti, papa," alisema, akasogea pembeni wapite.

Walitembezwa sokoni, wakapiga picha, wakarudi. Prudence alipopanda botini macho yake hayakuwa tena ya kitoto. Alikuwa akimtazama mchumba wake kutoka pembeni, kisha Angèle, kisha mikono yake mwenyewe. Hakuuliza. Wako wanaoolewa na swali, wakaishi nalo mpaka uzee.

Angèle alikuwa amekaa mbele karibu na Tonton, miguu imegusana na lokole.

"Umenifunga, Tonton," alisema. "Watu bote ya mto banajua niko bibi yake. Nifungue."

Mzee alitikisa kichwa. Kwa sheria ya ukoo wao neno la ndoa likishasemwa na lokole halifutwi na neno jingine. Aliyetangazwa mke anabaki mke wa yule mtu masikioni mwa watu wote, mpaka mmoja wao azikwe.

"Kufungua iko moja tu," alisema. "Na unaijua."

"Ipige."

"Mutu iko muzima, mwana. Iko pale anakaa."

"Ulimuona pale chini," Angèle alisema. "Ulimuona muzima?"

Tonton Désiré alimtazama dada yake kule ufukweni, akiokota kitenge cha Pasaka na kukikamua. Alifuta macho kwa mkono wa shati. Akachukua fimbo.

Alipiga taratibu, sauti ya kiume kwanza. Mwana wa milimani aliyekunywa mto akasahau njia ya kwao. Akalirudia, ili asidhaniwe mwingine. Kisha ukafuata mdundo mzito, wa chini, ambao unapigwa wakati maiti iko ndani na mlango umefungwa.

Ufukweni wanawake walisimama kusikiliza. Mama Josée ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa chini, miguu imenyooka, mikono juu ya kichwa. Wengine wakakaa mmoja baada ya mwingine. Kilio kilipanda, kirefu, cha kweli, kwa kuwa walimpenda kijana yule. Shangazi wa Butembo wote waliinua simu zao.

Clovis alikuwa amesimama. Vidole vyake, juu ya paja, vilikuwa vimefuata jina lake lote mpaka mwisho, na ulipoanza ule mdundo wa pili vikakwama. Miaka miwili ya Jumapili ilikuwa imemfundisha vya kutosha.

"Angèle," alisema, mara ya kwanza siku hiyo kulitaja jina hilo mbele ya watu. "Angèle, mwambie asimamishe."

Mama Mbambu aligeuka, akamtazama mwanawe. Angèle hakugeuka. Clovis akainua mkono kuelekea ufukweni, kama mtu anayetaka kuwaonyesha kwamba yuko hapa, anapumua, wamtazame. Wanawake wote walikuwa wanaitazama boti, na hakuna aliyepunga. Walilia wakimtazama usoni kana kwamba pale aliposimama kuna maji matupu.

Lokole ilinyamaza. Mama Mbambu, ambaye alikuwa ameamua kutolielewa jambo ambalo lingemgharimu harusi, alipiga makofi mazito, na shangazi wakapiga naye. Alimwita mzee kwa sauti ya dukani. Alisema amependa, kwao Butembo hakuna kitu kama hiki, na kwamba siku ya ndoa ya Clovis aje na gogo lake awapigie hii hii.

Tonton Désiré aliweka fimbo chini.

"Hii, Mama," alisema, "mutu mumoja hapigiwi mara mbili."

Angèle alifungua gilet, akaivua, akabaki na ndege wake wa manjano mbele ya wote. Halafu akachukua kipaza sauti, akawaomba wageni watazame upande wa kulia, namna kanisa kuu linavyoonekana ukiwa majini.